Redio Mpya Katika Gari: Kazi Unayoweza Kuifanya Mwenyewe

Magari mengi yanayopita katika barabara za Dar es Salaam, Mwanza na Arusha yalitumika kwanza huko Japani kwa miaka mingi, kisha yakapakiwa melini kuja kwetu. Mwenye gari hulifurahia, na ni haki yake, maana aghalabu limenunuliwa kwa akiba ya muda mrefu. Lakini furaha hiyo huingia dosari mara tu anapofungua redio. Maandishi ni ya Kijapani, bibi asiyeonekana anamkumbusha kwa Kijapani kwamba kadi ya kulipia barabara haimo, na vituo vingi vya hapa nyumbani havisikiki kabisa.

Redio hiyo si mbovu. Huko Japani matangazo ya FM yalipangiwa masafa ya megahezi 76 hadi 90, na baada ya televisheni ya analojia kuzimwa yakaongezwa hadi 95. Kwetu masafa ni 87.5 hadi 108. Kwa hiyo redio ya zamani ya Kijapani hugusa ukingo tu wa matangazo yetu. Dawa ya bei nafuu ni kile kijisanduku kinachochomekwa kwenye waya wa eriali, ambacho huteremsha masafa yote kwa kiasi maalumu. Chukua kile kinachoteremsha megahezi 18: kituo cha 98 kitasikika kwenye 80, na cha 106 kwenye 88. Bali kituo cha 92 kitaangukia 74, mahali ambapo redio haifiki. Hapo ndipo watu wanapoilaumu eriali bure.

Tena redio nyingi za Toyota zenye ramani hujifunga zenyewe betri inapofunguliwa, zikadai kadi ya ramani ambayo pengine ilibaki Japani. Kwa haya yote, kuiondoa redio ya kiwandani na kuweka nyingine ni jambo la busara, na mtu makini anaweza kulifanya mwenyewe katika siku moja ya mapumziko. Nasema makini kwa sababu nyaya zilizounganishwa ovyo nyuma ya dashibodi zinaweza kulichoma gari zima, nalo hubeba watoto.

Kabla ya kwenda Kariakoo, chukua rula. Redio zinazouzwa madukani huwa na upana wa milimita 180, na kimo cha milimita 50 au 100. Toyota nyingi zina tundu la milimita 200 kwa 100. Ukinunua redio ya kawaida bila kuuliza, utabaki na nyufa mbili pembeni zinazoonyesha nyaya. Omba redio ya upana wa 200, au vipande vya plastiki vya kuziba kando. Omba pia nyaya za kuunganishia zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lako. Toyota ya Kijapani kwa kawaida ina plagi mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Nyaya hizo huchomekwa bila kukata chochote, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya redio. Fundi anayekuambia kwamba hazina haja, kwamba yeye atakata plagi na kusokota nyaya kwa mkono, mshukuru na uende kwa mwingine.

Siku ya kazi, egesha gari kivulini, uzime na utoe ufunguo. Kwa spana namba 10 legeza kwanza waya wa nguzo hasi ya betri, uuweke kando usije ukagusa nguzo. Kisha usiguse dashibodi kwa muda. Toyota wenyewe huagiza kungoja angalau sekunde 90. Mifuko ya hewa inayomlinda dereva na abiria huhifadhi umeme kidogo kwa ajili ya kufumuka, na umeme huo unahitaji muda wa kuisha. Ukikutana na plagi za rangi ya manjano ndani ya dashibodi, hizo ni za mifuko hiyo. Usizifungue wala usizipime umeme.

Urembo wa plastiki unaozunguka redio hushikwa na vibanio. Tumia kipande cha plastiki ngumu, au kisu cha siagi kilichofungwa kitambaa, uanze pembeni na kusogea taratibu. Plastiki ya gari lililokaa juani miaka mingi hukatika kama kaukau, kwa hiyo mahali panapokataa tazama kwanza kama hapana skrubu iliyojificha. Redio yenyewe aghalabu imeshikwa na skrubu nne za spana ile ile namba 10. Ivute polepole, upige picha ya plagi zote kwa simu yako, ndipo uzichomoe. Yale mabati mawili ya pembeni yahamishie kwenye redio mpya.

Sasa nyaya, na hapa naomba usome bila haraka. Kwenye redio mpya zilizo nyingi, waya wa manjano hupokea umeme wa betri wakati wote, nao ndio unaotunza saa na vituo ulivyohifadhi. Mwekundu hupata umeme pale tu ufunguo unapozungushwa. Mweusi huenda kwenye bodi ya gari. Wa buluu huiamsha eriali. Spika huja kwa jozi: nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, na zambarau nyuma kulia, katika kila jozi, waya wenye mstari mweusi ndio hasi. Rangi hizi ni za redio, si za gari. Nyaya za Toyota zina rangi zake, kwa hiyo usiunganishe rangi kwa rangi kwa kukisia.

Wako watu wanaounganisha mwekundu na manjano pamoja ili redio ipige hata bila ufunguo. Jambo hili hupendwa sana na wanaosubiri abiria. Matokeo yake ni kwamba redio haizimiki na ufunguo: dereva akisahau kuizima kwa kitufe hukuta betri imekwisha asubuhi, naye anatakiwa kazini saa moja na nusu. Wengine huchukua nyaya hasi za spika zote nne na kuzifunga kwenye bodi, wakidhani hasi zote ni moja. Katika redio za siku hizi nyaya zote mbili za kila spika hubeba sauti, na kuzigusisha bodi kunaweza kuiua redio mpya papo hapo.

Ikiwa lazima uunge waya, unga kwa lehemu na ufunike kwa kijibomba cha plastiki kinachosinyaa kikipata moto. Utepe wa kawaida, katika joto la Dar es Salaam, huyeyuka gundi na kujifungua wenyewe baada ya miezi, nyuma ya dashibodi ambako hakuna anayeona. Nyuma ya redio mpya pia pana fyuzi, mara nyingi ya ampea 10 au 15. Ikikatika, ujue kuna kosa mahali. Weka nyingine ya namba ile ile baada ya kulitafuta kosa hilo. Wanaoweka fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya mtupu, wameondoa mlinzi mlangoni ili mwizi asisumbuliwe.

Rudisha betri na uijaribu redio kabla ya kufunga chochote: kila spika peke yake, saa, taa za usiku, na vituo vya juu kama 100 na kuendelea. Baadhi ya redio huuliza ziko nchi gani. Ukiiacha kwenye Japani, itakataa tena kupanda juu ya 90, nawe utadhani umetapeliwa.

Kama fedha haitoshi, badili spika za mbele na ziache za nyuma zingoje. Anayesikiliza zaidi ni dereva, na spika mbili nzuri ni bora kuliko nne hafifu. Chagua za omu 4, wala usibabaishwe na maandishi ya wati 300 juu ya boksi. Redio iliyoandikwa wati 50 mara nne, kwa kweli hutoa kama wati 15 hadi 20 kwa kila spika kwa mfululizo, na hizo zatosha kabisa kwa gari dogo. Pima pia kina: teremsha kioo chote, upime toka bati la mlango hadi kioo, usije ukanunua spika yenye sumaku ndefu ambayo kioo kitaigonga.

Spika za Toyota mara nyingi zimefungwa kwa ribiti. Zitoboe kwa keekee, ukikinga kitambaa chini, kwani chenga za chuma hukimbilia sumaku ya spika mpya na kuifanya ikwaruze. Spika mpya huhitaji pete ya kuinyanyua. Chagua ya plastiki, maana ya mbao huoza mlangoni. Ile karatasi ya nailoni iliyobandikwa ndani ya mlango usiichane. Maji ya mvua huteremka ndani ya mlango siku zote na kutokea matundu ya chini, na nailoni hiyo ndiyo inayoyazuia yasiingie kwenye mazulia. Wengi huigundua kazi yake wakati wa masika.

Mwisho hakikisha chanya na hasi za spika hazikupishana. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, uiguse nguzo za spika mara moja: chanya kwa chanya, utando utaruka kuja nje. Ikiwa spika moja inasukuma nje wakati mwenzake inavuta ndani, besi hupotea, na hakuna kitufe kitakachoirudisha.

Redio ya zamani usiitupe. Ifunge katika gazeti pamoja na skrubu zake, maana siku ya kuliuza gari mnunuzi anaweza kuiulizia.