Boliti au Komeo? Vipuri vya Bunduki na Kiswahili cha Mahakama

Alasiri ya Jumanne tarehe 15 Januari 2019, magaidi walilivamia jengo la hoteli ya DusitD2 lililoko Riverside, magharibi mwa kitovu cha jiji la Nairobi, na kuwaua watu 21. Miongoni mwa waliofika kuokoa alikuwamo mtu mmoja ambaye picha zake zilienea duniani kote. Alikuwa amevaa suruali ya jinzi na kuuficha uso wake, na vyombo vya habari vya Uingereza vilimtambulisha kuwa askari wa kikosi maalumu cha nchi hiyo. Wapenzi wa silaha katika mabara ya mbali hawakushughulika sana na sura yake iliyofichwa. Waliiangalia bunduki. Waliichambua kipande kwa kipande, darubini hadi mkanda, wakabishana ni kipi kilichotoka nayo kiwandani na ni kipi kilichonunuliwa na kufungwa baadaye. Kiswahili cha taarifa za siku hiyo, kwa upande wake, aghalabu kiliishia kwenye maneno mawili: bunduki na risasi.

Huenda msomi wa Kiswahili akauliza kuna hasara gani. Watu walikuwa wakifa. Nani alihitaji jina la mshikio? Swali hilo lina uzito, na kwa siku ile lilikuwa na haki. Lakini bunduki haiishi katika siku za mashambulizi pekee. Huishi pia katika hati za mashtaka zinazosomwa kila wiki katika mahakama za Milimani na Kibera, na humo jina la kipande kidogo cha chuma laweza kumpeleka mtu gerezani au kumrudisha nyumbani kwake Kawangware. Hapo ndipo ukosefu wa istilahi unapogeuka kuwa ukosefu wa haki.

Ni vyema kuanza na jambo ambalo wanafunzi wengi wa isimu hawaliwazii: Kiswahili hakikuzaliwa bubu mbele ya bunduki. Katika karne ya 19, wakati misafara ikitoka pwani kuelekea bara ikiwa na bunduki kwa maelfu, lugha hii ilikuwa na neno kwa karibu kila kitu ambacho mwenye bunduki alikishika. Bunduki ya gumegume ilikuwa ile inayowashwa kwa jiwe. Ilipokuja ile ya kupasua kifuniko kidogo cha baruti, kifuniko hicho kiliitwa fataki. Ufito wa kusukumia baruti ndani ya mtutu uliitwa mdeki. Kiasi kilikuwa baruti na risasi ya mpigo mmoja. Kulikuwa na mtambo, tako, singe, marisawa na gobori. Kitendo cha kuitia bunduki baruti kilikuwa kushindilia. Kamusi ya Frederick Johnson ilipochapishwa mwaka 1939 msamiati huu ulikuwa bado upo, ingawa bunduki zenyewe zilikwisha kuwa vyuma vya ukutani. Hata jina la Tippu Tip huelezwa kuwa tanakali ya mlio wa bunduki zake. Watu waliokuwa na sikio la namna hiyo hawakuwa wageni wa silaha.

Msamiati huo haukuendelea kukua nchini Kenya kwa sababu bunduki ilibadilisha lugha ya mwenyewe. Vikosi vya King's African Rifles viliwahi kuendeshwa kwa Kiswahili cha kambini, kilichobezwa na wasomi wa pwani lakini kilichofanya kazi yake. Baada ya uhuru Tanzania iliendelea na mkondo huo, na jeshi lake hufunza kwa Kiswahili hadi leo. Kenya iliiacha silaha mikononi mwa Kiingereza: sheria yake, mafunzo yake, ripoti za wataalamu wake. Kiswahili kilibakiziwa vichochoro, na vichochoro havikukaa kimya. Nairobi ikaunda mguu wa kuku kwa bastola na bonoko kwa bunduki bandia. Ni maneno yenye uhai kuliko mengi yaliyotungwa kwenye warsha, ila hakimu hawezi kuyaandika katika hukumu.

Sasa itazamwe Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114. Kwa mujibu wake, bunduki si ile bunduki nzima tu. Sehemu yake muhimu nayo huhesabiwa kuwa bunduki, na vivyo hivyo kiambatisho kilichoundwa ili kupunguza mlio au mwako wa risasi. Darubini ya kulengea haipunguzi mlio wala mwako, hivyo haiguswi na kifungu hicho. Kuna basi mpaka mkali kati ya vitu vya aina mbili ambavyo kwa macho ya kawaida vyote ni vipande vya chuma vinavyofungwa kwenye bunduki. Mkalimani wa mahakama, akiwa na sekunde mbili za kufikiri, husema nini? Neno lililo karibu naye ni "kifaa". Mtutu ni kifaa, darubini ni kifaa, mkoba wa kutilia bastola ni kifaa. Mpaka ambao Bunge liliuchora kwa wino wa Kiingereza hufutika katika Kiswahili cha kizimbani, na mshtakiwa hubaki akijibu swali ambalo hakulisikia.

Hali ni ngumu zaidi kwa sababu biashara ya vipande hivi imevuka mipaka, na kila nchi huweka mpaka wake mahali pake. Nchini Marekani, sehemu ambayo sheria ya taifa huitambua kuwa bunduki ni kile kiunzi chenye kubeba mtambo. Mtutu, tako na sehemu nyingine nyingi huuzwa dukani kama bidhaa za kawaida, na ndiyo maana Mmarekani anayetaka kujiundia bunduki huchagua tako hapa, mtutu kule, akaviunganisha mezani kwake kama fundi wa baiskeli. Kizuia sauti ndicho kilichowekewa masharti makali tangu mwaka 1934. Mkenya aliyenunua mtutu halali katika jimbo la Texas na kuutia sandukuni hushuka Nairobi akiwa, machoni pa sheria ya kwao, amebeba bunduki. Hata akijieleza kwa unyofu wote kwamba alileta "spea" tu, atakuwa amekiri kosa kwa lugha yake mwenyewe.

Neno hilo "spea" lastahili kutazamwa kwa makini. Wanafunzi hufunzwa kwamba Kiswahili sanifu chake ni kipuri, wingi vipuri. Ni kweli, lakini kipuri ni kitu cha kuziba pengo la kilichoharibika: breki iliyokwisha hubadilishwa kwa kipuri. Darubini inayofungwa juu ya bunduki nzima haizibi pengo lolote. Imeongezwa. Kwa kitu cha namna hiyo Kiswahili kina kikorombwezo, neno ambalo wengi hulipuuza kwa kudhani ni la mapambo na mbwembwe peke yake. Basi istilahi tatu zilizokuwa zikitafutwa zimo tayari ndani ya lugha: sehemu muhimu kwa kile ambacho bunduki haiwi bunduki bila hicho, kipuri kwa kibadala chake, na kikorombwezo kwa nyongeza. Mkalimani aliyefunzwa tofauti hii hahitaji sentensi ndefu. Kilichokosekana ni mtu wa kuyapanga maneno haya matatu na kumkabidhi.

Mfano ulio mbaya kuliko yote ni wa kile kipande ambacho Kiingereza hukiita kwa jina la chuma cha kufungia mlango. Ndicho husukuma risasi hadi chemba, hufunga nyuma yake wakati wa kufyatuka, kisha hurudi nyuma na kulitoa ganda. Bila hicho bunduki ni bomba. Mkalimani anayefuata sauti ya Kiingereza atasema "boliti". Ajabu ni kwamba boliti ni neno halali la Kiswahili, nalo lina maana yake thabiti katika kila karakana ya Kirinyaga Road, barabara ambayo wazee wa jiji bado huiita Grogan: ni kile chuma chenye hesi kinachokazwa kwa nati. Mshtakiwa aliyelelewa na Kiswahili cha mafundi atakapoambiwa alipatikana na boliti ya bunduki ataona skrubu ya shilingi chache na kushangaa kwa nini ameletwa kortini. Waingereza walikiita kipande hicho kwa jina la chuma cha mlango kwa sababu kinafanya kazi kama hicho, na chuma cha mlango kwa Kiswahili ni komeo. Komeo la bunduki: hata asiyewahi kuigusa silaha anaelewa kwamba ni kitu kinachosogea, kinachofunga na kufungua. Hapa tafsiri ya maana imeishinda tafsiri ya sauti kwa mbali mno.

Mfano mwingine ni wa aina yenyewe ya bunduki. Magazeti hutumia "bunduki ya nusu otomatiki", tungo lisilomweleza msomaji kitu, kwa maana otomatiki ikigawanywa nusu hubaki nini? Bunduki hiyo hutoa risasi moja kwa kila mvuto wa kifyatulio, kisha hujitia risasi nyingine yenyewe. Kazi ya mdeki sasa hufanywa na nguvu ya mlipuko na springi. Ni bunduki ya kujishindilia, na kitenzi kilichotumiwa na wapagazi wa karne ya 19 kinairithi kazi yake bila kubanduliwa hata silabi. Ile inayomimina risasi mfululizo kwa mvuto mmoja ina jina lake la siku nyingi, rashasha, na wengine husema bombomu. Tofauti hii si ya anasa. Sheria ya Kenya huwakataza raia kumiliki bunduki za kivita za kujishindilia za kipenyo cha milimita 7.62 au 5.56, ilhali raia huweza kupewa leseni ya bastola. Raia wa namna hiyo walionekana wakisaidia kuwatoa watu katika jengo la Westgate, Westlands, tarehe 21 Septemba 2013. Na anayepatikana bila kibali na AK-47, G3 au MP5 anakabiliwa na kifungo cha maisha. Ni muhimu basi mtu ajue anashtakiwa kwa kipi.

Vitenzi navyo visisahauliwe, kwa kuwa waundaji wa istilahi hupenda nomino na kuviacha vitenzi vijitafutie njia. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha kuunganisha kitu na bunduki, na hiyo ni neema. Singe huchomekwa. Darubini hufungwa. Tako hupachikwa, kama mshale unavyopachikwa kwenye upinde. Kizuia sauti, kwa kuwa kina hesi, hukazwa. Shahidi anayesema kitu "kilipachikwa" na anayesema "kilikazwa" wametoa ushahidi wa mambo mawili tofauti, na hilo laweza kuonyesha kama bunduki ilibadilishwa na fundi au ilikokotwa tu pamoja na takataka zake.

Wapo watakaopinga jitihada nzima. Hoja yao ni kwamba lugha inayoyataja mauaji kwa ufasaha huyakaribisha, na kwamba chama cha Kiswahili kina mashairi na methali za kutosha kukishughulisha. Hoja hii inavutia kwa wema wake, lakini haina ushahidi. Tarehe 15 Novemba 2016 serikali iliteketeza bunduki haramu 5,250 huko Ngong, na mwaka 2021 zikateketezwa nyingine zaidi ya 5,000. Bunduki hizo zilifika nchini bila msaada wa kamusi yoyote ya Kiswahili. Ukimya wa lugha haukumzuia aliyezibeba. Ulichokifanya ni kumwacha mwanakijiji aliyeombwa azisalimishe, mlinzi wa lango la Lavington anayeombwa aeleze alichokiona usiku, na mshtakiwa anayeombwa ajibu, wote wakipapasa gizani.

Wengine watasema Katiba ya mwaka 2010 imekwisha kutibu maradhi haya, kwa kukifanya Kiswahili lugha rasmi na kumpa mshtakiwa haki ya mkalimani asiyemlipa. Katiba imempa mkalimani. Haikumpa mkalimani maneno. Mahakama za chini zinaruhusiwa kuendesha kesi kwa Kiingereza au Kiswahili, lakini ripoti ya mtaalamu wa silaha huja kwa Kiingereza, na pale inapofika kwenye sentensi inayoamua kama kitu kile kinaweza kufyatua au la, Kiswahili cha kesi hudhoofika ghafla.

Vyuo vikuu vya Nairobi viko karibu mno na tatizo hili kuliwacha liende. Kutoka University Way hadi Milimani ni mwendo wa miguu, na matatu za Ngong Road hupita karibu na mahakama ya Kibera mchana kutwa. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuketi katika mabaraza hayo kwa muhula mmoja akiwa na daftari, akaandika kila neno ambalo wakalimani hulitumia kwa mtutu, komeo, chemba, kifyatulio, ganda na kizuia sauti, bila kuwasahihisha. Kisha orodha hiyo ilinganishwe na ya Johnson, na ile inayotumiwa na wakufunzi wa jeshi la Tanzania, na ile ya mafundi wa Grogan. Pengine komeo litashindwa na neno jingine ambalo mkalimani fulani wa Kibera amelitumia kwa miaka mingi bila ya chuo chochote kumuuliza.