Wati Ni Unacholipa, Mwanga Ni Unachopata

Wasee, leo si siasa wala mpira. Leo ni balbu. Ndiyo, balbu. Usipite kwanza.

Juzi nilinunua balbu ya LED ya mia moja kando ya barabara. Boksi limeandikwa wati 12. Wiki tatu tu, ikaanza kupepesa kama taa za klabu, halafu kwisha. Mimi hu-edit video usiku, so hiyo ni kazi imelala. Kwa hasira nikaifungua. Ndani, vijichipu vichache sana, viwili vimeungua vikawa vyeusi.

Nikaanza kusoma. Kumbe LED nyeupe si nyeupe. Ndani kuna chipu ya galiamu nitraidi inayotoa mwanga wa buluu, na juu yake imepakwa unga wa njano. Buluu ikichanganyika na njano, jicho lako linaona nyeupe.

Sasa hiyo chipu ina tabia moja ambayo wauzaji hawatakuambia. Ukiipa umeme wa kiasi, inageuza sehemu kubwa kuwa mwanga. Ukiisukuma zaidi, mwanga unaongezeka, lakini si sawa na umeme uliouongeza. Elektroni zinasongamana kwa tabaka jembamba sana, zinaanza kupokezana nishati badala ya kuitoa kama mwanga, na hiyo nishati inaishia kuwa joto. Ni kama matatu ya watu 14 kubeba 22: itafika, lakini mafuta itakula na springi zitavunjika.

Dawa ya kawaida inajulikana: weka chipu nyingi, kila moja ifanye kazi pole pole, na weka chuma cha kutoa joto. Lakini chipu ni pesa. Ndiyo maana balbu ya mia ina chipu chache zinazopigishwa kazi ya punda.

So maoni yangu ni haya: tuache kununua taa kwa wati. Wati ni umeme inaokula. Mwanga unapimwa kwa lumeni. Chukua lumeni, gawanya kwa wati. Balbu ya zamani ya waya hutoa kama lumeni 16 kwa kila wati. Florosenti ni karibu 70. Kufikia 2014, rekodi ya LED ilikuwa imepita 300. Tofauti ni kubwa hivyo, na inalipwa na tokeni zako. Boksi lisilo na lumeni, rudisha kwa meza.

Najua kuna mtu atasema, "Bro, mimi niko na mia tu." Nakuelewa, hata mimi nilikuwa na hiyo mia. Lakini ni sisi wa mia ndio tunanunua mara tatu kwa mwaka. Kwa hivyo silaumu mama mwenye kibanda wala wewe. Nalaumu wanaoruhusu maboksi bila lumeni kuingia sokoni. Hiyo iwe lazima, tena kwa maandishi makubwa.

Na wale hunicheka eti niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, sasa naongea sayansi: tulieni. Shuji Nakamura alipotoa LED ya buluu yenye mwanga mkali mwaka 1993, alikuwa anafanya kazi kwa kampuni ya Nichia kule Tokushima, Japani, na hakuwa na PhD. Watafiti wengi walikuwa wameikatia tamaa galiamu nitraidi. Yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano hawakuiacha, na 2014 wakapewa Nobel ya fizikia.

Sisemi uache shule. Ukiwa na karo, soma. Nasema tu kusoma boksi la balbu hakuhitaji digrii.

Leo usiku angalia balbu ya chumba chako. Imeandikwa lumeni ngapi? Niambie hapo chini.