Chumvi Tunayogombania na Chumvi Tunayoila

Jamaa zangu wa Louisville, Columbus na Buffalo, mwaka huu wahariri wa kitabu chetu waliniomba niandike habari ya elimu, kwa kuwa nimesomesha miaka 34. Nimewaomba radhi. Nitaandika habari ya chumvi, kwa sababu chumvi imeleta maneno katika ukoo wetu, na kwa sababu mimi mwenyewe nilitenda kosa ambalo sitaki mwingine alirudie.

Mliohudhuria arusi ya Columbus mwezi wa Julai mwaka jana mnakumbuka. Wapishi walikuwa wamekwisha kuunga sombe na mchuzi wa mbuzi, akaingia mpwa wangu mmoja na mfuko wa chumvi ya rangi ya waridi. Akasema chumvi nyeupe ya dukani ni sumu, na hii ya milimani ni dawa. Shangazi zake walikasirika. Mmoja alimwuliza kama chumvi iliyomlea yeye na mama yake iliwahi kumwua mtu. Mwingine akasema chumvi bora ni ya bahari, ile ya mawe mawe. Ubishi ule ulikuwa mrefu kuliko khutba ya nikaha. Mimi nilikaa kimya, na ukimya wangu ulikuwa na sababu.

Sababu ni hii. Mwaka mmoja kabla ya arusi hiyo, ndugu yangu mdogo aliyeko Buffalo aliambiwa na daktari kuwa ana shinikizo kubwa la damu. Alipewa vidonge na kuagizwa apunguze chumvi. Mimi, kaka mtu na mwalimu, nilimpelekea kwa posta mfuko wa chumvi hiyo hiyo ya waridi, na barua juu yake: tumia hii, haina madhara. Akaitumia, na kwa kuwa haina madhara aliitia bila kupima. Baadaye akaona hata vidonge havina kazi tena, akaviacha. Asubuhi moja ya Februari mwaka jana, akijitayarisha kwenda kazini, alianguka. Kilikuwa kiharusi. Alhamdulillahi yu hai, anatembea kwa mkongojo na maneno yanamrudia kidogo kidogo. Daktari hakusema kuwa chumvi peke yake ndiyo iliyomwangusha. Alitaja vidonge vilivyoachwa, umri, na mengineyo. Lakini mimi najua niliandika nini katika barua ile.

Tangu siku hiyo nimerudi kuwa mwanafunzi. Nimesoma, na binti yangu aliye muuguzi amenisahihisha. Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, chumvi zote hizi ni kitu kimoja. Iwe ya boksi, ya bahari au ya mlimani, karibu yote ni muungano wa sodiamu na klorini. Kwa uzito, sehemu 40 katika 100 ni sodiamu, na sodiamu ndiyo inayovuta maji ndani ya mwili na kupandisha shinikizo katika mishipa ya damu. Chumvi ya waridi huchimbwa Khewra, katika jimbo la Punjab nchini Pakistan. Wekundu wake ni wa chuma, yaani kutu tu. Madini mengine yamo kweli, lakini ni machache mno. Mtu akitaka kuyapata ya kutosha kwa njia hiyo, sodiamu itamdhuru kabla hajafika. Chumvi ya mawe mawe huonekana nyepesi kwa sababu punje kubwa huacha nafasi katika kijiko. Ipime kwa mizani, utaona ni ile ile.

Wala chumvi si adui. Mwili hauwezi kuishi bila sodiamu. Mishipa ya fahamu na misuli huitegemea. Nilipokuwa kijana nilisomesha Uvinza, mkoa wa Kigoma, mahali ambapo maji ya chumvi hutoka ardhini. Wachunguzi wa mambo ya kale waliochimba pale mwaka 1967 walikuta dalili kuwa watu wamekuwa wakiyachemsha maji hayo tangu karne ya 5 au ya 6. Chumvi ya Uvinza ilipita Ujiji ikavuka ziwa mpaka Kongo, kwa babu zetu. Nilipofika Louisville nikasikia kuwa kusini tu ya mji huu, mahali paitwapo Bullitt's Lick, walowezi walianza kuchemsha maji ya chumvi mwaka 1779, kwa masufuria na kuni kama sisi. Mwanadamu ameitafuta chumvi kila alipokwenda. Taabu si kuila, bali ni kuzidisha, na neno israfu tulifundishwa chuoni tukiwa wadogo.

Pili, ipo tofauti moja ya kweli kati ya chumvi na chumvi, na katika ubishi wa Columbus hakuna aliyeitaja. Nayo ni iodini, ambayo nyumbani Tanzania tuliizoea kwa jina la madini joto. Wazee wenzangu wanakumbuka rovu, uvimbe wa shingo uliowapata watu wengi wa nchi za milimani. Wale wa Kivu wanajua habari ya kisiwa cha Idjwi, ambako madaktari katika miaka ya 1960 walikuta rovu nyingi mno: udongo hauna iodini, na mihogo isiyoandaliwa vizuri huongeza ubaya. Rovu ni sehemu inayoonekana tu. Mama mjamzito akikosa iodini, ubongo wa mtoto hudhurika, na mtoto akizaliwa hivyo hakuna mwalimu awezaye kumrudishia kilichopotea. Nasema hivyo kama mtu aliyekaa na watoto wa namna hiyo darasani, akidhani ni wavivu. Mungu anisamehe.

Msidhani kuwa haya ni mambo ya Afrika tu. Nchi hii ya kandokando ya Maziwa Makuu, pamoja na Buffalo na Ohio, ilijulikana zamani kwa rovu. Mwaka 1917, katika mji wa Akron, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Columbus, madaktari David Marine na Kimball walianza kuwapa wasichana wa shule iodini. Katika waliopewa, zaidi ya 2,000, ni 5 tu walioota rovu; katika wasiopewa, idadi karibu sawa, walikuwa karibu 500. Mwaka 1924 chumvi yenye iodini ikaanza kuuzwa madukani Marekani, na rovu ikapungua sana. Nyumbani, Tanzania ilifuata kwa sheria katika miaka ya 1990.

Sasa tazameni tulivyofanya. Chumvi ya waridi na ya bahari aghalabu hazina iodini. Marekani hakuna sheria ya kulazimisha kuitia, na viwanda vya vyakula kwa kawaida hutumia chumvi isiyo nayo. Basi mtu anaweza kula chumvi nyingi kila siku na bado akakosa iodini: akapata hasara mbili kwa pesa nyingi zaidi. Mabinti wetu wanaotarajia kuzaa, someni boksi kabla ya kununua. Chumvi isiyotiwa iodini huandikwa hivyo wazi.

Tatu, chumvi inayotudhuru si ile tunayogombania jikoni. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, chini ya kijiko kimoja cha chai. Wataalamu hubishana juu ya kushuka chini zaidi ya hapo, lakini hatujafika katika ubishi huo. Mmarekani wa kawaida hula sodiamu yapata miligramu 3,400 kwa siku, yaani zaidi ya gramu 8 za chumvi, na zaidi ya sehemu 70 katika 100 hutoka katika vyakula vya viwandani na vya mahoteli. Mkate, jibini, soseji, supu za makopo, kuku wa kukaanga. Pakiti moja ya zile tambi za dakika tatu, ambazo watoto wetu hupika warudipo shuleni, mara nyingi hufikia miligramu 1,500.

Nasi tuna yetu. Fungua kabati la nyumba yoyote ya ukoo huu, utakuta vile vidonge vya kuungia mchuzi vilivyofungwa katika karatasi inayong'aa. Nilisoma boksi la kwetu: kitu cha kwanza katika orodha ni chumvi. Tunatia vidonge vinne katika sufuria, kisha tunatia chumvi juu yake, kisha tunaleta makayabu. Magadi tunayolainishia maharage na mboga nayo ni sodiamu, ingawa hayaitwi chumvi.

Najua jibu lenu: babu zetu walikula hivyo na wakazeeka. Sivyo. Babu zetu hawakula hivyo. Walinunua chumvi kidogo kwa kipimo, wakalima juani, wakala ndizi, viazi, maharage na majani mabichi, vyakula vyenye potasiamu ambayo husaidia kuitoa sodiamu mwilini. Mwaka 1990 wataalamu walitangaza uchunguzi wa Wajaluo waliohama vijiji vya magharibi ya Kenya kwenda kuishi Nairobi. Katika muda mfupi tu shinikizo la damu lao lilikuwa juu kuliko la wenzao waliobaki. Mkojo wao ulionyesha sodiamu imezidi na potasiamu imepungua. Damu yao haikubadilika, wala ukoo wao. Kilichobadilika ni maisha na sahani. Ikiwa safari ya kutoka Nyanza hadi Nairobi ilifanya hayo, safari yetu ya kutoka Uvira na Kigoma hadi Kentucky itafanya nini?

Kwa hiyo natoa rai zangu, na anayepinga aje nyumbani tuzungumze kwa kahawa.

Katika mikutano yetu yote, sufuria kubwa ipikwe kwa chumvi kidogo, bila vidonge, na kibakuli cha chumvi yenye iodini kiwekwe mezani. Atakaye ataongeza mwenyewe. Aliyetiwa nyingi hawezi kuipunguza. Wapishi wetu wasione kuwa wanadharauliwa. Wanajua ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari na pilipili kuliko kiwanda chochote. Ulimi nao huzoea. Punguza pole pole, na baada ya majuma machache chakula cha zamani utakiona kichungu. Makayabu yalowekwe usiku kucha, na maji yabadilishwe zaidi ya mara moja.

Watoto wanaojua Kiingereza wawasomee wazee wao maandishi ya makopo. Kanuni ni nyepesi: kwenye mstari wa sodiamu, asilimia 5 ni kidogo, asilimia 20 ni nyingi. Mjukuu wangu wa darasa la nne huniongoza dukani, nami naona fahari kuongozwa.

Kuna pia chumvi ambayo sehemu yake ni potasiamu badala ya sodiamu. Si uzushi, uchunguzi mkubwa wa vijiji 600 vya China, uliotangazwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa ilipunguza kiharusi. Lakini inaweza kuwa hatari kwa mwenye maradhi ya figo na kwa anayetumia dawa fulani za shinikizo. Asiinunue mtu kabla hajamwuliza daktari wake. Safari hii sitampelekea mtu chochote kwa posta.

Na la mwisho ndilo kubwa. Kila mtu mzima apimwe shinikizo la damu, na aliyepewa vidonge avimeze hata akijiona mzima. Ugonjwa huu haupigi hodi. Hakuna chumvi ya rangi yoyote iliyo badala ya dawa. Mkisikia mzee anasema ipo, hata akiwa mwalimu, msimsikilize.

Nilikwenda Buffalo wakati wa theluji. Barabara zote zilikuwa nyeupe kwa chumvi inayomwagwa ili magari yasiteleze. Ndugu yangu alitazama dirishani, akatafuta neno kwa muda mrefu, kisha akasema: "Kaka, ile... ndiyo mahali pake." Tulicheka mpaka shemeji akaja kuuliza kuna nini. Baadaye nilimwambia habari ya barua yangu, nikamtaka radhi. Aliniambia alikwisha kunisamehe, ila niandike wengine wajue. Nimeandika.

Kwa Kiswahili, mtu aliyeishi miaka mingi husemwa kuwa amekula chumvi nyingi. Kwa maana hiyo tu, nawaombea nyote mle chumvi nyingi, na ndugu yangu awe wa kwanza.

Wasalaam.