Meko ya Mkomani hayana moshi, lakini yamemuunguza fundi

Hebu niambieni, nani hapa Mombasa anahitaji kuota moto sebuleni?

Sifanyi utani. Kuna nyumba ya ghorofa hapa Mkomani ina meko ya ukutani. Hayana bomba la moshi wala hayajawahi kuona ukuni. Ndani mna taa zinazochezacheza kama ndimi za moto, na juu yake feni inazunguka mwisho wa nguvu, maana ni Februari na jasho linakutoka hata ukiwa umekaa tu. Yaani unalipia stima ya moto wa uongo na stima ya upepo wa kweli, tokeni zote kutoka mfuko mmoja. Mbele ya meko hayo kuna kijukwaa cha vigae. Kijukwaa hicho ndicho kilicholeta haya yote.

Wanaonijua wanajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikanishinda, na sasa napiga vidio za mafundi na nyumba za watu. Mwenye nyumba alinilipa elfu tano nirekodi ukarabati wake. Alikuwa anatandika lamineti sebule nzima, zile mbao nyembamba za kubana moja kwa nyingine. Chini kulikuwa na vigae vya zamani, na kijukwaa cha meko kilikuwa sawa navyo. Sasa piga hesabu: mbao milimita 8, kitandiko cha sponji chini yake milimita 2. Sakafu imepanda milimita 10, kijukwaa kimebaki shimoni.

Fundi akafanya kazi ya maana, wallahi. Kwanza aligonga kila kigae cha zamani akasikiliza kama kuna kinacholia utupu. Akakwaruza ung'aavu wa juu ili gundi ishike. Akapanga vigae vipya vya milimita 7 juu ya gundi ya milimita 3. Saba na tatu, kumi. Ukipitisha kiganja kutoka mbao kwenda kigae husikii kitu.

Ugomvi ulikuja pale vinapokutana. Lamineti ndani ni unga wa mbao uliokandamizwa, juu yake imebandikwa picha ya mbao. Hewa ikiwa na unyevu inavimba, ikikauka inanywea. Ndiyo maana unaiachia nafasi pande zote, milimita 8 mpaka 10 hivi. Ukutani nafasi hiyo inafichwa na skatingi, na kwenye vigae inafichwa na utepe wa alumini. Mwenye nyumba akautazama ule utepe, akatazama picha ya Pinterest kwenye simu yake, akasema hautaki. Kwenye picha mbao na vigae vimegusana, kwa hivyo na kwake vigusane.

Vikagusana. Aprili mvua za masika zikaingia. Kufika Mei mbao zilikuwa zimeinuka mbele ya meko kama mgongo wa ngamia, na vigae viwili vya ukingoni vimepasuka. Nani kalaumiwa? Fundi. Alinyimwa elfu nane zake zilizobaki, kisha akaandikwa kwenye grupu ya majirani kwamba ni fundi feki. Kazi mbili alizokuwa ameahidiwa mtaa huu huu zikayeyuka wiki hiyo.

Sasa nyinyi mnaopenda kuniandikia "mtu na pesa yake". Sawa, pesa yake. Basi na hasara iwe yake. Huwezi kuwa bosi wakati wa kuamua halafu ukawa mnyonge aliyeibiwa wakati wa kulipa.

Wengine mtasema fundi angekataa. Angekataaje? Kazi za hawa watu zinapatikana kwa kusubiri barabarani na mfuko wa vifaa tangu alfajiri. Akikataa huyu, nyuma yake wapo watano, na mmoja wao atakubali kwa bei ya chini zaidi.

Na picha yenyewe mnajua imetoka wapi? Imetoka kwa watu wenye theluji. Huko kijukwaa kile si urembo. Makaa huruka kutoka kwenye moto, na sakafu ni ya mbao, kwa hivyo lazima mbele ya moto kuwe na kitu kisichoshika moto. Marekani kanuni zao za ujenzi zinataka kitokeze mbele inchi 16 angalau, kama sentimita 40, na meko yakiwa makubwa inchi 20. Hata hapa Kenya nenda Limuru mwezi wa Julai, utaelewa kwa nini nyumba za zamani zina meko. Wao wana baridi. Sisi baridi yetu ni AC ya benki.

Sisemi hatuna elimu ya moto. Nyanyangu alikuwa anapikia jiko la makaa barazani, na chini ya jiko aliweka sinia kuukuu lenye mchanga. Kazi ni ile ile ya kijukwaa cha vigae, na lilimtosha miaka yote. Vuka maji hapo Mji wa Kale uone nyumba za matumbawe, kuta nene, dari za boriti za mikoko, chumba kimefanywa chembamba kwa sababu boriti ina urefu wake. (Neno lenyewe sakafu, kwa Kiarabu asili yake ni paa. Paa la wa chini ndiyo sakafu ya wa juu.) Wale waliijengea joto na chumvi ya hapa. Sisi tunajengea simu.

Nimesema sisi, kwa sababu na mimi nimo.

Ile vidio mlioiona, iliyopata laki mbili za watazamaji na komenti za "nyumba ya ndoto", mimi niliikata. Kwenye klipu kamili kuna sekunde 19 fundi ameshika ule utepe wa alumini mkononi anasema, "Mama, mbao hii inapumua. Tusipoiachia nafasi itainuka mvua zikija." Na sauti ya mwenye nyumba inajibu, "Wewe fanya kama picha." Nikaitoa, kwa sababu iliharibu utamu wa vidio na anayenilipa ni mwenye nyumba. Fundi alipokuja kuniomba ushahidi nilimwambia nitaitafuta. Nilikuwa nayo kwenye simu muda wote huo.

Leo nimeipandisha nzima, iko juu kabisa ya ukurasa wangu. Uso wa mwenye nyumba hauonekani na jina lake sitalitaja, kwa hivyo msiniulize inboksi. Zile elfu tano nimempelekea fundi jana jioni. Alizikataa mara mbili, ya tatu akapokea.

Mama, najua unaisoma hii. Zile elfu nane bado, na namba yake unayo.