Mpanda Ipi, ya Mwaka Gani?

Sensa ya 2002 iliukuta Mkoa wa Rukwa una watu zaidi ya milioni 1.1. Sensa ya 2012 ikahesabu watu 1,004,539. Asiyezijua pande hizi akiziweka tarakimu hizo mbili kwenye mstari mmoja ataona mkoa uliopungukiwa na watu laki moja na ushee ndani ya miaka kumi, na pengine ataanza kutafuta ni njaa gani au maradhi gani yaliyowamaliza. Hakuna aliyepotea. Mwaka huohuo wa 2012, kabla ya makarani wa sensa kuingia vijijini, Mkoa wa Katavi ulikuwa umekatwa kutoka Rukwa, na watu 564,604 waliohesabiwa huku walikuwa ni walewale ambao bila mpaka mpya wangehesabiwa kule.

Wenyeji wa Mpanda, hapa Katavi, wanalijua hilo bila kuambiwa. Jedwali halilijui, na kijana aliyeajiriwa mwaka huu akaletwa hapa kutoka Tanga au Lindi halijui pia, wala hana kosa. Kinachomkosesha ni kwamba hakuna mahali lilipoandikwa.

Kwa sababu hiyo toleo hili zima tumelitoa kwa jambo ambalo wengi wataliona kavu: kamusi ya data. Nalizungumzia daftari au faili la taasisi linaloeleza kila kinachorekodiwa kina maana gani, kinapimwa kwa kipimo kipi, kinatoka wapi, nani anakisimamia, na maana hiyo ilianza kutumika tarehe gani. Hilo la tarehe ndilo linalosahaulika mara nyingi, na kwa mkoa kama wetu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Tazama safu inayoitwa "Mpanda" katika taarifa yoyote ya zamani. Hadi 2012 Wilaya ya Mpanda, iliyokuwa Rukwa, ilikuwa karibu eneo lote ambalo leo ni Mkoa wa Katavi. Leo Wilaya ya Mpanda ina Manispaa ya Mpanda na Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo. Iliyokuwa Halmashauri ya Wilaya ya Mpanda sasa inaitwa Tanganyika, tena iko katika wilaya nyingine kabisa. Mlele ilikatwa, na kutoka Mlele ikazaliwa Halmashauri ya Mpimbwe. Kwa hiyo anayelinganisha mavuno ya Mpanda ya 2008 na ya 2020, au chanjo, au madawati, anaweza kuwa analinganisha mkoa mzima na mji na viunga vyake. Nimeyaona malinganisho ya aina hiyo kwenye taarifa zilizopigwa chapa vizuri, zenye grafu za rangi.

Suala la Katumba na Mishamo ni zito zaidi, kwa kuwa linawagusa watu kabla ya kugusa mipaka. Makazi hayo yalifunguliwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi baada ya mauaji ya 1972, na yakaendeshwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwaka 2014 wengi wao walianza kupewa vyeti vya uraia. Familia ileile, katika nyumba ileile, inaweza kuwa nje ya hesabu ya "wakazi" katika daftari moja na ndani ya hesabu hiyo katika daftari jingine la miaka michache baadaye. Shule iliyoonekana kufurika ghafla huenda haikupata hata mtoto mmoja mpya. Anayepanga idadi ya walimu bila kujua lini neno "mkazi" lilipanuliwa anapanga gizani.

Nakuja sasa kwenye tarakimu iliyoufanya mkoa huu utajwe nchi nzima. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshaanza uzazi, kiwango cha juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Tarakimu hiyo ilisemwa bungeni, redioni na kwenye semina. Mara nyingi ilisemwa kama "mimba za utotoni asilimia 45".

Utafiti ule ulihesabu wasichana waliokwisha kuzaa pamoja na waliokuwa na mimba yao ya kwanza siku walipohojiwa, kwa sampuli ya kaya, wakiwemo wa miaka 18 na 19 ambao kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 si watoto tena. Ofisi ya elimu nayo ina tarakimu yake ya "mimba za utotoni": wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito. Msichana ambaye hakuwahi kuandikishwa sekondari, na hao ndio walio hatarini zaidi, haonekani humo hata akizaa mara mbili. Zahanati ina ya tatu, inayotoka kwenye rejesta ya wajawazito ya MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, na hiyo huhesabu waliohudhuria kliniki. Aliyejifungulia kwa bibi yake kijijini bila kufika kliniki hayumo. Mambo matatu tofauti, yote ya kweli, yote muhimu, yanasomwa kwenye kikao kimoja kwa jina moja. Halafu wajumbe wanabishana ni idara gani inadanganya.

Na hata utafiti wenyewe haukusimama palepale. Ule wa 2022 ulihesabu kila msichana aliyewahi kupata ujauzito, wakiwemo ambao mimba zao ziliharibika. Taifa likashuka hadi asilimia 22. Kushuka huko ni habari njema, kwa kuwa wigo wa pili ni mpana kuliko wa kwanza. Lakini msomaji hawezi kujua kwamba ni njema kiasi hicho mpaka ajue nini kiliongezwa. Tarakimu ya shule nayo haikusimama: mwishoni mwa 2021 Serikali iliruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi shuleni. Tangu hapo "aliyekatisha masomo" ni nani? Aliyeondoka Machi akarudi Januari anahesabiwa, hahesabiwi, au anahesabiwa kisha anafutwa? Kama shule tano za kata moja zina majibu matano, basi tarakimu ya kata haina maana, na msichana aliyerudi darasani hatajulikana kuwa alirudi.

Mambo mengine nitayapitia haraka. "Mwaka 2023" kwa mweka hazina ni Julai hadi Juni, kwa mwalimu ni Januari hadi Desemba, kwa afisa ugani ni msimu wa mvua unaoanza mwishoni mwa mwaka mmoja na kuvunwa mwaka unaofuata. Gunia la mahindi kisheria halizidi kilo 100, lakini lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, bado inapita barabarani, na taarifa inayosema "magunia" bila kilo haimsaidii mtoza ushuru wala mkulima. Kituo cha maji "kinachofanya kazi" kinachotoa maji Februari na kukauka Septemba kiandikwe vipi?

Nimesikia mapingamizi mawili, nayo nayachukulia kwa uzito. La kwanza linasema maana hizi zimeshaandikwa Dodoma. Kwa sehemu ni kweli. Rejesta za MTUHA zina maelekezo ya kujaza, na muuguzi anayeyasoma anajua safu yake inataka nini. Hata hivyo wizara huandika maana ya kile inachokidai yenyewe. Halmashauri ndiyo inayokutanisha afya, elimu, kilimo, maji na mapato kwenye taarifa moja, na hakuna wizara itakayoiandikia namna ya kuvikutanisha. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inambana kila anayekusanya taarifa za watu, na huwezi kuzilinda usipojua ziko kwenye safu ipi.

Pingamizi la pili linatoka kwa watumishi wenyewe: kazi ni nyingi, watu ni wachache. Watu wa Katavi wamefika 1,152,958 katika sensa ya 2022, zaidi ya maradufu ya miaka kumi iliyotangulia. Naliheshimu neno hilo. Lakini muuguzi anayepigiwa simu na ofisi tatu kuulizwa tarakimu moja kwa namna tatu tayari anaifanya kazi ya kamusi, anaifanya kwa mdomo, na siku akipata uhamisho inaondoka naye. Makabidhiano ya ofisi huorodhesha viti, kompyuta na pikipiki. Maana ya yaliyomo ndani ya kompyuta hiyo haiorodheshwi.

Ninachokiomba ni kidogo. Kila halmashauri kati ya tano za Katavi ichague tarakimu ishirini zinazotumika zaidi kwenye vikao vyake. Wanaojaza rejesta wakae meza moja na afisa takwimu, wasiachiwe watu wa TEHAMA peke yao, kwa sababu mtaalamu wa kompyuta anajua safu imehifadhiwa wapi, na mtendaji wa kijiji ndiye anayejua watu wanajibu nini wakiulizwa. Waandike kwa Kiswahili cha kawaida. Kila maana iwe na tarehe ya kuanza, na ikibadilishwa ile ya zamani isifutwe. Mtu mmoja, kwa cheo chake na si kwa jina lake, awajibike kuitunza. Hakuna programu mpya inayohitajika. Daftari gumu linatosha kuanzia.

Diwani anayesomewa taarifa ya robo mwaka ana haki ya kuuliza tarakimu aliyosomewa imeelezwa ukurasa upi wa kamusi, na tangu tarehe gani. Akijibiwa kwamba afisa aliyekuwa anajua amehamishiwa Songea, swali lake liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, na jibu liletwe kikao kinachofuata.