Mezani pa Amani, Akina Mama Wako Wapi?



Mtu akitaja mahusiano ya kimataifa, wengi wetu tunaona picha ileile: wanaume wenye suti wanashuka katika ndege, bendera ziko nyuma yao, kalamu za kutia sahihi ziko mbele yao. Tunadhani kwamba mambo ya mataifa hutendeka huko juu, mbali na sisi.

Lakini anayeijua Petite Barrière, mpaka wa Goma na Gisenyi unaovukwa kwa miguu, anajua picha nyingine. Hapo akina mama huvuka na vikapu na mabeseni kichwani, wakitafuta chakula cha siku. Mwezi wa Machi 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya Korona, mama aliyezoea kula jioni faida ya asubuhi alibaki mikono mitupu. Uamuzi wa serikali uliingia moja kwa moja katika chungu chake. Yeye naye yumo katika mahusiano ya kimataifa, ila hakuna aliyemwuliza neno.

Mwaka 1989 mtaalamu mmoja wa Marekani, Cynthia Enloe, alitoa kitabu kiitwacho Bananas, Beaches and Bases. Ndani yake aliuliza swali ambalo wataalamu wa siasa za dunia hawakuwa wakiliuliza: wanawake wako wapi? Akawakuta katika mashamba ya ndizi, katika hoteli za watalii, kandokando ya kambi za majeshi ya kigeni, na katika nyumba za mabalozi. Akaonyesha kwamba kile tunachokiita nguvu za mataifa kinabebwa na kazi ya watu wasioonekana, wengi wao wanawake, wanaolipwa kidogo au wasiolipwa kabisa. Leo swali hilo limekuwa somo katika vyuo vikuu vingi: somo la jinsia na mamlaka katika mahusiano ya kimataifa.

Baadhi yenu mtakutana na somo hilo, na nyumbani mtaulizwa: je, hayo si mawazo ya kigeni yanayokuja kubomoa jamaa na imani? Hofu hiyo isidharauliwe. Si kila linaloandikwa kwa jina la jinsia linapatana na imani yetu, na Mkristo ana wajibu wa kupima kila fundisho analopewa. Lakini swali lenyewe, la kujua nani anahesabiwa na nani amesahauliwa, halikutoka ugenini. Ni swali la ukweli na la haki, na sisi Wakongomani tuna sababu zetu wenyewe za kuliuliza.

Tukumbuke historia yetu. Tarehe 10 Julai 1999, mataifa sita yaliyopigana katika ardhi yetu yalitia sahihi mkataba wa kusimamisha vita huko Lusaka. Sahihi zote sita zilikuwa za wanaume. Hata hivyo, waliozika watoto, waliokimbia na mizigo mgongoni, waliofanyiwa ukatili wa mwili usiosemeka, wengi walikuwa wanawake. Walioumizwa zaidi hawakuwa mezani. Mwezi wa Februari 2002, kabla ya mazungumzo ya Sun City, wanawake wa Kongo waliotoka katika pande zilizogawanyika walikutana Nairobi, ili waingie katika mazungumzo wakiwa na sauti moja. Wanaume wenye silaha walikuwa bado wanagawana vyeo. Wao walitafuta kwanza lugha ya pamoja. Na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 14, iliipa Serikali wajibu wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake na kuwapa nafasi sawa katika uongozi wa nchi.

Hata azimio namba 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, linalodai wanawake washiriki katika kutafuta amani, lina mzizi wa Afrika. Lilipitishwa tarehe 31 Oktoba 2000, Namibia ikiwa kwenye kiti cha urais wa Baraza, miezi michache baada ya tamko lililotolewa Windhoek kuhusu jambo hilohilo. Namibia hiyo ndiyo iliyokuwa mojawapo ya mataifa sita ya Lusaka. Basi tusiseme upesi kwamba mambo haya yameletwa na wazungu.

Wala tusiseme kwamba Kanisa halikuyajua. Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa tarehe 11 Aprili 1963, alihesabu kuingia kwa wanawake katika maisha ya hadhara kuwa mojawapo ya alama za nyakati. Na zamani zaidi, Kitabu cha Hesabu, sura ya 27, kinatusimulia habari za binti watano wa Selofehadi. Walisimama mbele ya Musa, kuhani na wakuu, wakadai urithi wa baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume. Musa hakuwafukuza. Alilipeleka shauri lao kwa Mungu, na Mungu akawapa haki. Sheria ikarekebishwa kwa sababu wanawake watano walithubutu kusema mbele ya mkutano.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba kiti peke yake kinatosha. Tarehe 27 Juni 2025, huko Washington, mkataba kati ya Kongo na Rwanda ulitiwa sahihi kwa upande wetu na mwanamke, Waziri wa Mambo ya Nje Thérèse Kayikwamba Wagner. Kutoka Lusaka hadi hapo ni safari ndefu, na tushukuru. Lakini bunduki hazikunyamaza kwa sahihi hiyo. Ndiyo maana somo hili linaunganisha jinsia na mamlaka: halihesabu wanawake waliokaa mezani tu, bali linauliza nani aliyeamua mezani pazungumzwe nini. Mara nyingi mama aliyedhulumiwa huitwa kutoa ushuhuda. Akiisha kulia, husindikizwa nje, na hapo ndipo mazungumzo ya mipaka na madini yanapoanza. Tunamheshimu kwa machozi yake, lakini hatumwombi shauri.

Nanyi vijana wa kiume, msidhani kwamba somo hili haliwahusu. Vita vinahitaji uongo mmoja juu ya mwanaume: kwamba asiyeshika silaha si mwanaume kamili. Kwa uongo huo vijana wengi wa mashariki wameingizwa porini. Lakini Goma imetupa kijana mwingine, Mwenyeheri Floribert Bwana Chui. Alikuwa mtumishi wa Serikali mpakani, akakataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisiwafikie watu, akauawa mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza kuwa mwenyeheri. Nguvu yake haikuwa ya bunduki. Ilikuwa ya kusema hapana kwa ajili ya watu ambao hata hakuwajua.

Basi tuanze wapi? Tuanze pale tunapoweza kufika kwa miguu. Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimdai mke ruhusa ya mume kabla ya kufanya tendo la kisheria. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliondoa sharti hilo. Karatasi imebadilika, lakini mazoea yana mizizi mirefu kuliko karatasi. Katika vikundi vyetu vya parokia, mara ngapi msichana huchaguliwa kuwa mwandishi au kupewa kazi ya kupika, na mvulana kuwa mwenyekiti, bila mtu kufikiri? Waziri anayemsahau mama wa mpakani hakuzaliwa hivyo. Alijifunza kumsahau akiwa kijana, katika mikutano midogo kama yetu. Tukitaka mabalozi watakaouliza nani hayuko mezani, tuwalee hapa, wiki hii, katika mkutano wetu wa kawaida.

Maswali ya kutafakari pamoja:

1. Katika mkutano wetu uliopita, ni nani walisema, na ni nani walihudumu tu?

2. Ni mama gani wa mtaani kwetu anayejua habari za vita na mpaka kuliko sisi, na ambaye hatujawahi kumwalika atufundishe?

3. Ni uongo gani juu ya kuwa mwanaume ambao kikundi chetu kinaweza kuanza kuukataa?

Mama Maria, Malkia wa Amani, atuombee.