Kijiko Juu ya Barafu, Mabomba ya Kihansi



Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona gazeti la waseminari wa Bonde la Kilombero likiandika habari za theluji. Ifakara iko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Barafu tunayoijua sisi ni ile ya mifuko inayouzwa stendi, na ile inayowekwa kwenye samaki wanaosafirishwa. Hata hivyo, tunaomba utuvumilie. Habari hii inaanzia mbali lakini itaishia kwenye mto unaopita mlangoni petu.

Huko Austria, juu ya mji mdogo wa Sölden, kuna mto wa barafu uitwao Rettenbach. Karibu kila mwaka, mwishoni mwa Oktoba, mashindano ya Kombe la Dunia ya kuteleza kwenye theluji hufunguliwa hapo kwa mchezo uitwao slalomu kubwa. Mchezaji huanzia juu ya mita 3,000, akiwa amevaa mbao ndefu miguuni, na kushuka kwa kasi akipinda kushoto na kulia kati ya milango ya vijiti. Hushuka mara mbili, muda wa mara zote mbili unajumlishwa, na mshindi hupatikana kwa sehemu ndogo ya sekunde. Wanakwenda juu kiasi hicho kwa sababu mwezi Oktoba theluji bado haijashuka mabondeni. Kwenye barafu ya kudumu ndiko walikozoea kuwa na uhakika wa kuikuta.

Sasa uhakika huo umeanza kupotea. Mwezi Septemba 2023 picha za mitambo ya kuchimbia, ile tunayoiita vijiko, zilisambaa duniani zikionyesha ikichimba na kusawazisha barafu ya Rettenbach ili njia ya mashindano iwe tayari kwa wakati. Waandaaji walijieleza kwamba ni kazi ya matengenezo na ya usalama wa wachezaji. Watu wengi hawakuridhika. Mwaka huohuo mamia ya wachezaji wenyewe walikuwa wamekwisha kuandikia shirikisho lao la kimataifa wakilitaka lichukue hatua za kulinda tabianchi, pamoja na kupanga upya ratiba ya msimu.

Kijana mmoja wa hapa kwetu alipoiona picha hiyo kwenye simu alicheka, kisha akauliza, "Frateri, hawa wanachimba barafu ili wapate mahali pa kuchezea juu ya barafu?" Swali hilo limetukaa moyoni. Ndilo lililotufanya tuandike.

Tuseme wazi mapema kwamba hatuulaumu mchezo. Mtakatifu Yohane Paulo II alipenda sana kuteleza kwenye theluji, na Julai 1984, akiwa Papa, aliteleza juu ya barafu ya Adamello kule Italia, Rais Sandro Pertini akiwapo. Wala mchezo huu si wa Wazungu peke yao. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, Kenya, aliyehamia Austria akiwa na umri wa miaka mitatu, alishiriki slalomu kubwa kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Pyeongchang mwaka 2018 akiipeperusha bendera ya Kenya. Furaha ya mwili wenye afya mlimani ni zawadi ya Mungu.

Tena barafu si jambo geni kwa nchi yetu. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na mbao za kutelezea. Kipande kimojawapo cha barafu kilichobaki kileleni hadi leo kinaitwa kwa jina la Furtwängler. Tangu mwaka huo hadi mwanzoni mwa karne hii, zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya Kilimanjaro imetoweka. UNESCO ilionya mwaka 2022 kwamba iliyosalia inaweza kwisha ifikapo mwaka 2050. Mtoto anayebatizwa leo anaweza kuwaonyesha wajukuu wake picha ya Kibo jeupe, nao wasiamini.

Lakini hapa ndipo tunapotaka kutofautiana na maombolezo tuliyoyazoea. Wataalamu waliochunguza Kilimanjaro wanasema kwamba maji mengi ya mito yake hayatokani na barafu ya kileleni. Yanatokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu wa miteremko. Kwa hiyo mtu anaweza kuililia barafu huku akikata msitu, na kumbe msitu ndio unaomnywesha. Machozi yake ni ya kweli, ila yameanguka mahali pasipostahili.

Na sisi wa Kilombero je? Mto wetu haukuzaliwa na barafu. Umezaliwa na misitu ya Udzungwa na nyanda za juu, kwa mito ya Mpanga, Mnyera na Ruhudji, na vijito vingi vinavyoshuka kutoka milimani, Lumemo ukiwa mmoja wao. Bonde letu linalojazwa na mito hiyo liliandikishwa mwaka 2002 kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Ni makao ya sheshe, swala ambaye duniani amebaki katika maeneo machache. Mpunga wa Ifakara, kambale wa mnadani na visima vyetu vyote vinategemea misitu hiyo ya juu kubaki imesimama.

Je, sisi hatujawahi kuleta kijiko chetu juu ya barafu? Tumekwisha kufanya hivyo, na mfano uko jirani kabisa, kwenye korongo la Kihansi. Mwaka 1996 watafiti waligundua pale chura mdogo wa rangi ya dhahabu asiyepatikana popote pengine duniani. Aliishi katika manyunyu ya maporomoko tu. Taifa lilihitaji umeme, na mradi wa megawati 180 ulipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo. Manyunyu yakakauka. Basi yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji, yaige kazi ya maporomoko. Chura walipungua ghafla mwaka 2003, na mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Kama si wale karibu mia tano waliokuwa wamepelekwa kutunzwa Marekani, ambao wazao wao walianza kurudishwa mwaka 2012, leo tungekuwa tunasimulia hadithi tu.

Hatuandiki haya kuukataa umeme. Taa za wodi ya wazazi zinawashwa na umeme huo, na mwanadamu aliyeumbwa kwa sura ya Mungu ana haki ya mwanga. Mabomba yale pia hayakuwa upumbavu. Yalikuwa juhudi ya watu waliotaka kurekebisha. Tunachosema ni kwamba theluji ya mashine kule Sölden na manyunyu ya bomba kule Kihansi yanatufundisha somo moja. Mtambo unaweza kutununulia muda, ila hautuondolei wajibu wa kuamua tuache nini. Tukiutumia muda huo kuendelea kama zamani, tumeahirisha tu siku ya hesabu, na hesabu yenyewe imeongezeka.

Wapo watakaotuambia, "Waambieni hao matajiri kwanza." Ni kweli, na tunawaambia. Afrika nzima inachangia chini ya asilimia nne ya hewa chafu inayopasha dunia joto. Mkulima wa Mlimba ambaye mpunga wake umesombwa na mafuriko hakuijaza anga moshi. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' mwaka 2015 na tena katika Laudate Deum mwezi Oktoba 2023, alionyesha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini haviwezi kutenganishwa. Wenye deni walipe. Huo si msaada, ni haki.

Lakini haki hiyo tunaidai vizuri zaidi mikono yetu ikiwa safi. Na hapa nyumbani pia kuna wadogo wanaolipa kwanza. Mwaka 2012 wafugaji wengi waliondolewa bondeni kwa operesheni, kwa jina la kuokoa mazingira. Hatukatai kwamba mifugo ilikuwa imezidi. Tunauliza tu kama kipimo kilikuwa kimoja kwa mwenye ng'ombe hamsini na kwa mwenye shamba la maelfu ya ekari. Uhifadhi unaomkuta maskini peke yake hautadumu, kwa sababu aliyefukuzwa atarudi usiku.

Tuanze basi na sisi wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni waamini wangapi wanalima mpaka majini, kisha mvua zikija wanashangaa mto umeingia ndani? Tungependa kila jumuiya ndogo ndogo iliyo kando ya mto itembee ukingoni kwake na kamba ya mita 60, bila polisi, ikubaliane wapi pa kuacha majani na miti ya asili irudi. Mashamba ya taasisi zetu za Kanisa yapimwe kwanza, kabla ya bustani ya mjane. Jikoni kwetu seminarini kuni huingia kwa matela, na hatujui kwa uhakika zinakatwa wapi. Hilo ni kosa letu, na tunaliungama hapa. Tumeomba uongozi utupe nafasi ya kupanda msitu wetu wa kuni na kujenga majiko yanayotumia kuni chache.

Tunamalizia kwa kumbukumbu ya shukrani. Tangu mwaka 1921 Ndugu Wakapuchini na Masista wa Baldegg kutoka Uswisi walikuja huku, wakaacha milima ya theluji wakaingia kwenye joto na malaria. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko na shule nyingi za eneo hili ni jasho lao na la wazee wetu. Leo nyumbani kwao barafu inakwisha. Kwa miaka miwili tu, 2022 na 2023, Uswisi ilipoteza asilimia kumi ya barafu yake yote. Wao walipotuona tunaugua hawakusema malaria ni ya wenyewe. Nasi tusiseme barafu ni ya wenyewe.

Kuwalipa kwa theluji hatuwezi. Tunachoweza ni kuutunza msitu unaotupa maji, na kuwaambia ndugu zetu wa Sölden kwa upole: subirini theluji ishuke, mchezo utakuwapo hata Desemba. Halafu tugeuke, tukaupime ukingo wa Lumemo.